Pesa ya Hisa Inapokatwa Kwa Mshahara: Inaenda Wapi na Nani Anaiandika?

Ukiangalia slipu yako ya mshahara utaona makato ambayo umeyazoea: PAYE, NSSF, SHA, ushuru wa nyumba, labda na mkopo wa sacco. Sasa kuna wateja wetu wanaoona mstari mwingine hapo chini: "hisa za wafanyakazi, shilingi 3,000". Swali lao ni moja tu, na ni swali zuri: hiyo pesa inaenda wapi, na nitajuaje kwamba kweli imenunua hisa?

Leo tunaeleza jinsi mpango wa wafanyakazi kununua hisa za kampuni yao unavyoendeshwa, kuanzia siku pesa inakatwa hadi siku hisa zinasoma jina lako. Tunamfikiria mtu wa Kangundo anayepanda matatu alfajiri, anapita Tala, Joska, Kamulu na Ruai akielekea kazini Nairobi, au yule anayefanya kazi kwenye viwanda vya Athi River. Lakini hata kama unafanya kazi Kisumu au Mombasa, hesabu ni ile ile.

Hisa ya kampuni si hisa ya sacco

Kangundo neno "hisa" halijaanza jana. Vyama vya ushirika vya kahawa vimekuwepo miaka mingi, na karibu kila familia ina mtu aliye kwenye sacco. Kwa hivyo mtu akisikia "nunua hisa kazini" anafikiri ni kama zile za sacco. Si hivyo.

Kwenye sacco, akiba unayoweka kila mwezi hubaki shilingi zako. Ukiweka 3,000 inaandikwa 3,000, na ndiyo inayokupa nguvu ya kukopa. Hisa ya kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Nairobi, yaani NSE, ina bei inayopanda na kushuka kila siku ya soko. Wakenya wengi walijifunza hili mwaka 2008, serikali ilipouza asilimia 25 ya Safaricom, hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Kuna waliodhani bei itaenda juu tu. Mwaka uliofuata ilishuka chini ya shilingi 3. Aliyeuza kwa hofu alipata hasara. Aliyekaa miaka mingi aliona mambo yakibadilika. Kampuni ilikuwa ile ile, lakini kila mmoja alipata matokeo yake.

Pia tutofautishe kununua na kupewa. Kuna mipango ambapo kampuni inampa mfanyakazi hisa bila yeye kutoa pesa, halafu anangoja muda fulani kabla hazijawa zake kabisa. Mpango wa Safaricom wa kuwatuza wafanyakazi kwa hisa ni wa aina hiyo: hisa hununuliwa sokoni, hushikiliwa na wadhamini, na mfanyakazi husubiri miaka mitatu. Leo tunazungumzia zaidi mpango ambapo wewe mwenyewe unatoa pesa kutoka kwa mshahara wako, kwa kawaida kwa bei iliyopunguzwa kidogo.

Mpango unavyotembea, hatua kwa hatua

Kwanza unajaza fomu. Unasema unataka kukatwa kiasi gani, na unaweka sahihi. Usikubali makato ya hisa ambayo hujayaidhinisha kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yakijumlishwa hayafai kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kama tayari una mkopo mkubwa wa sacco, huenda nafasi ya kukatwa hisa imebaki ndogo.

Pili, pesa zinakatwa kila mwezi kwa kipindi kilichowekwa, mara nyingi miezi 6 au 12. Katika muda huu huna hisa bado. Una pesa zilizowekwa pembeni kwa jina lako. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa.

Tatu, siku ya kununua ikifika, pesa za wafanyakazi wote zinakusanywa na hisa zinanunuliwa kwa bei ya mpango. Huko Marekani, ambako mipango hii ni ya kawaida sana, kuna aina inayopendelewa na sheria ya kodi: punguzo halizidi asilimia 15, na mfanyakazi hapewi haki ya kununua hisa za zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka. Kama unafanya kazi Nairobi kwenye tawi la kampuni ya Marekani, usishangae ukiona namba hizo kwenye fomu yako. Kenya, mipango mingi ya hisa za wafanyakazi huundwa kama mfuko wa dhamana, chini ya jicho la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA.

Nne, hisa zinagawanywa. Kila mtu anapata idadi yake, ama kwenye akaunti yake ya CDS, ama kwenye daftari la wadhamini wanaozishikilia kwa niaba yake.

Tuweke namba

Tuseme kampuni ina wafanyakazi 40 waliojiunga, kila mmoja anakatwa shilingi 3,000 kwa mwezi, na kipindi ni miezi 6.

Kila mwezi zinakatwa 120,000. Baada ya miezi 6 ni 720,000. Siku ya kununua, bei sokoni ni shilingi 20, na mpango unatoa punguzo la asilimia 10. Kwa hivyo wafanyakazi wananunua kwa shilingi 18. Gawanya 720,000 kwa 18, unapata hisa 40,000. Kila mfanyakazi alitoa 18,000, kwa hivyo anapata hisa 1,000.

Hisa hizo 40,000 kwa bei ya soko ni shilingi 800,000. Wafanyakazi wametoa 720,000. Hizo 80,000 zilizobaki nani analipa? Kampuni. Na hapo ndipo mhasibu anaingia.

Sasa chukua mwenzao aliyekatwa 3,100 kila mwezi. Ana 18,600. Akigawanya kwa 18 anapata hisa 1,033, na shilingi 6 zinabaki. Shilingi 6 ni kitu kidogo, lakini ni zake. Mpango mzuri unasema wazi kama masalio hayo yanaingia kipindi kijacho au yanarudishwa. Mpango ambao haujui shilingi 6 ziko wapi, utajuaje kama unajua 18,594 ziko wapi?

Mhasibu anaandika nini

Huhitaji kuwa na CPA kuelewa sehemu hii, na ni muhimu uielewe.

Siku ya mshahara, kampuni inaandika mshahara wako wote kama gharama, pamoja na zile 3,000. Lakini 3,000 hazijakufikia. Kwa hivyo zinaandikwa upande wa madeni: kampuni inadaiwa na wafanyakazi. Mwezi wa kwanza deni ni 120,000, mwezi wa pili 240,000, hadi 720,000. Hizo si faida ya kampuni, na si mtaji wa kununua mali ghafi. Ni deni lenu.

Siku ya kununua, deni hilo linafutwa kwa sababu mmepewa hisa. Kama hisa zimenunuliwa sokoni, kampuni inaongeza zile 80,000 ili bei kamili ya 800,000 ilipwe, na ada za dalali wa hisa juu yake. Kama kampuni imetoa hisa mpya yenyewe, mtaji wake unaongezeka badala yake.

Na punguzo la 80,000? Hilo ni malipo kwa wafanyakazi, sawa na bonasi, ila limelipwa kwa hisa. Viwango vya kimataifa vya uhasibu ambavyo kampuni za Kenya hufuata vina kanuni yake maalum, IFRS 2, iliyoanza kutumika mwaka 2005. Inadai kampuni ionyeshe thamani ya hisa wanazopewa wafanyakazi kama gharama, hata kama hakuna pesa taslimu iliyotoka. Wahasibu wana njia zao za kupima thamani hiyo, na mfano wetu umerahisishwa, lakini wazo ni hilo. Wanahisa wengine wana haki ya kuona kwamba punguzo lenu lina gharama.

Vitabu vitatu lazima vikubaliane

Mtu yeyote aliyewahi kupeleka kahawa kiwandani anajua umuhimu wa karatasi. Unapeleka matunda, yanapimwa, unapewa risiti yenye kilo. Malipo yanakuja miezi mingi baadaye. Siku hiyo ukisema ulipeleka kilo 300 na huna risiti, unabishana na hewa.

Makato ya hisa ni hivyo hivyo. Kuna vitabu vitatu. Cha kwanza ni orodha ya mishahara, inayoonyesha nani alikatwa ngapi. Cha pili ni akaunti ya benki ambako pesa hizo zimewekwa. Cha tatu ni daftari la hisa, linaloonyesha nani ana hisa ngapi. Kila mwezi mtu anafaa kukaa chini alinganishe. Kama orodha ya mishahara inasema 120,000 zilikatwa na benki inaonyesha 114,000, kuna watu wawili ambao pesa zao zimepotea njiani, na ni rahisi kuwatafuta mwezi huo huo kuliko baada ya miaka miwili.

Upande wako, weka slipu zako. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri akupe taarifa ya mshahara inayoonyesha kila kato. Piga picha kila mwezi, weka kwa simu. Mwisho wa kipindi jumlisha mwenyewe: makato yangu kugawanya kwa bei ni hisa ngapi? Halafu uliza taarifa ya CDS au ya wadhamini uone kama namba ni hiyo.

Swali kubwa: pesa zinalala wapi?

Tungependa ukumbuke sehemu hii kuliko nyingine zote.

Kati ya siku unakatwa na siku ya kununua, pesa zako zinalala mahali. Kama zinalala kwenye akaunti ya kawaida ya kampuni, zimechanganyika na pesa za umeme, mafuta na kulipa wauzaji. Kampuni ikikwama, wewe ni mmoja wa wadai, na unapanga foleni. Kama zinalala kwenye akaunti tofauti ya wadhamini, iliyoundwa kwa hati ya dhamana, hizo si mali ya kampuni, na ni vigumu zaidi kwa wadai wa kampuni kuzigusa.

Tofauti hii haionekani kwenye slipu. Slipu inasema tu "hisa, 3,000". Inabidi uulize. Uliza jina la akaunti, uliza wadhamini ni akina nani, uliza kama kuna mwakilishi wa wafanyakazi kati yao, na uliza nani anakagua hesabu.

Kodi iko, lakini haitishi

Kwenye mfano wetu ulilipa 18,000 ukapata hisa za 20,000. Ile tofauti ya 2,000 ni manufaa ya ajira, na manufaa ya ajira hutozwa kodi kupitia PAYE. Kama uko kwenye daraja la asilimia 30, ni shilingi 600. Tarehe inayotumika kupima manufaa hutegemea aina ya mpango na kama umesajiliwa na KRA, kwa hivyo muulize mhasibu wenu mapema ili usishtuke mwezi huo mshahara ukipungua.

Ukipata mgao wa faida, mkaazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 kabla hujapokea, na hiyo ndiyo kodi yake ya mwisho. Ukiuza hisa zilizoorodheshwa NSE kwa faida, faida hiyo haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji. Hisa za kampuni ambayo haiko sokoni ni hadithi nyingine: tangu 2023 kodi hiyo ni asilimia 15.

Usiweke mayai yote kwenye kikapu cha mwajiri

Punguzo ni tamu. Nani anakataa kitu cha 20 kwa 18? Lakini mshahara wako tayari unatoka kwa kampuni hiyo. Ukiweka na akiba yako yote huko, upepo mmoja unaangusha vyote viwili.

Tuangalie Kenya Airways. Serikali ilipoibinafsisha mwaka 1996, hisa ziliuzwa kwa shilingi 11.25, na asilimia 3 ya kampuni ikaenda kwa wafanyakazi. Kwa miaka fulani ilikuwa fahari. Baadaye kampuni ikalemewa na madeni. Mwaka 2017 sehemu ya madeni iligeuzwa kuwa hisa: serikali ikawa na asilimia 48.9, mabenki 38.1, na wanahisa wa zamani wakabaki na kipande kidogo sana. Mwaka 2020 ndege ziliegeshwa kwa sababu ya korona na mishahara ikapunguzwa. Mwezi Julai mwaka huo huo, biashara ya hisa zake ikasimamishwa NSE wakati serikali ikipanga kuichukua tena, na haikurudi hadi Januari 2025. Hebu fikiria mfanyakazi ambaye mshahara umepungua, anataka kuuza hisa alipe karo, na soko limefungwa kwa hisa hizo. Siku aliyozihitaji zaidi ndiyo siku hazikuuzika.

Hata karibu zaidi na Kangundo, ARM Cement, iliyopata jina lake kutoka Athi River, iliwekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018 na hisa zake zikaacha kuuzwa sokoni.

Hatusemi usinunue. Tunasema weka kiasi ambacho kikipotea, watoto bado watakula na karo italipwa. Akiba ya dharura iwe mahali pengine: sacco, benki, au hata mfuko wa soko la fedha. Na hisa zikishakuwa zako na kipindi cha kuzuia kuuza kikiisha, si dhambi kuuza sehemu ukanunua kitu kingine.

Ukiacha kazi, au jambo baya likitokea

Tuseme umeacha kazi baada ya miezi 4, kabla ya siku ya kununua. Umekatwa 12,000. Mipango mingi inakurudishia pesa hizo bila hisa. Soma fomu uone ni baada ya siku ngapi na kama kuna riba. Hisa ulizonunua vipindi vya nyuma zinabaki zako, isipokuwa kanuni za mpango zinasema lazima uziuze kwa wadhamini.

Mfanyakazi akifariki, familia mara nyingi haijui kama kuna hisa. Wanajua shamba, wanajua ng'ombe, wanajua sacco, kwa sababu barua za sacco huletwa nyumbani. Hisa za kazini ziko kwenye mfumo wa kompyuta Nairobi. Zikikaa bila kudaiwa kwa muda uliowekwa na sheria, mgao na hisa zenyewe hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa, UFAA. Mali haijapotea, familia inaweza kuidai, lakini ni safari ndefu ya karatasi. Unaweza kupiga *361# uone kama kuna kitu kwa jina lako, au umsaidie mama au shangazi aangalie cha marehemu.

Dawa ni rahisi: jaza jina la mrithi kwenye fomu ya mpango, na umwambie mtu mmoja nyumbani kwamba hisa hizo zipo. Leo jioni inatosha.

Kama wewe ndiwe mwajiri

Labda una kampuni ndogo Kangundo mjini: duka la vifaa vya ujenzi, shule, kiwanda kidogo cha maziwa. Unataka wafanyakazi wako wawe na sehemu. Inawezekana. Sheria ya Kampuni ya 2015 inaweka kikomo cha wanachama 50 kwa kampuni binafsi, lakini wafanyakazi wenye hisa hawahesabiwi kwenye hiyo 50.

Shida ni bei. Hisa zako haziko NSE, kwa hivyo nani anasema moja ni shilingi ngapi? Andikeni njia ya kupima kabla ya kuanza, na mtumie njia hiyo hiyo mtu akiingia na akitoka. La sivyo mtagombana siku ya kwanza mtu anapoacha kazi. Tafuta wakili na mhasibu, fungua akaunti tofauti ya makato, na usiiguse hata mwezi ukiwa mgumu. Hasa mwezi ukiwa mgumu.

Na simu inaingia wapi?

Sisi kazi yetu ni kusafirisha pesa. Kampuni nyingi sasa hutuma mgao wa faida moja kwa moja kwa simu ya mwanahisa, na marejesho ya makato pia yanaweza kuja hivyo. Hakikisha namba uliyoandikisha kwenye CDS au kwa wadhamini ndiyo unayotumia sasa, na imesajiliwa kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako. Ukibadilisha laini, wajulishe.

Halafu kuna PIN mbili, usizichanganye. PIN ya KRA utaulizwa ukifungua akaunti ya CDS, na hiyo ni sawa. PIN ya simu yako hakuna mpango wa kweli wa hisa utakaokuuliza, wala sisi hatutakuuliza. Mtu akikupigia ati hisa zako zimeiva, tuma shilingi 500 zifunguliwe, kata simu.

Kabla ya kuweka sahihi, uliza haya

Pesa zangu zitakaa kwenye akaunti ya nani hadi siku ya kununua?
Bei itapimwa tarehe gani, na punguzo ni asilimia ngapi?
Naweza kusimamisha makato katikati, na nitarudishiwa lini?
Hisa zitasoma jina langu au la wadhamini? Kura na mgao ni vya nani?
Naweza kuuza baada ya muda gani?
Nikiacha kazi au nikifariki, nini kinafuata?
Nitapata taarifa ya maandishi mara ngapi kwa mwaka?

Ofisi ikikujibu maswali yote saba kwa karatasi, mpango huo uko na mwenyewe. Ikikujibu mawili na kukwambia mengine utaelezwa baadaye, ngoja hiyo baadaye ifike kwanza, ndipo uweke sahihi.